Tulivyomtunza Mpiga Bluzi

Saa kumi na mbili alfajiri Mzee alikuwa keshakaa kiti cha mbele, kaki imepigwa pasi, kofia ya pama magotini, viatu vinang'aa kama vya askari wa gwaride. "Mwanangu," akaniuliza, "hilo dansi linaanza asubuhi?" Nikamwambia si dansi, ni tamasha la bluzi, na majukwaa yanaanza kabla jua halijawa kali. Akatazama giza la Memphis kupitia kioo, akaguna. Enzi zake Morogoro, alipokuwa akipiga gitaa la ridhimu katika bendi ya kiwanda, muziki wa asubuhi ulikuwa wa kumpokea waziri.

Kosa lilikuwa langu. Nilimwalika kwa neno moja tu, bluzi, na kwetu neno hilo lina maana yake. Bluzi ni ule wimbo wa polepole wa mwisho wa disko, taa zinapopunguzwa na vijana wakashikana viuno. Mzee alikuwa na tai mfukoni, akitegemea ukumbi. Dada yetu wa Mombasa, muuguzi wa zamu za usiku aliyelelewa kwenye taarabu, aliuliza kama kutakuwa na kivuli na kama kuna cha kula kisichokuwa nguruwe. Wa nne wetu, kijana wa Lubumbashi anayeendesha lori la masafa marefu, hakuuliza kitu. Alipakia viti vinne vya kukunja na sanduku la barafu, akaegemea dirisha, akalala.

Barabara ya 61 inatoka Memphis ikishuka kusini, na ukishavuka vilima vya mwisho nchi inalala chali. Hakuna mwinuko wala bonde. Mwezi Aprili pamba haijapandwa. Udongo umelimwa, umelainishwa, unangoja, na huku na kule yamesimama maji ya mvua yaliyokosa pa kwenda. Watu wa huku hupaita Delta, ingawa si mlango wa mto, kwa maana Mississippi unaingia baharini mbali sana kusini. Ni uwanda wa mafuriko uliobanwa kati ya mto huo na mto Yazoo. Sehemu kubwa ilikuwa msitu na kinamasi, na mikono iliyoufyeka msitu huo na kuinua matuta ya kuzuia maji ilikuwa ya watu weusi. Utumwa ulipokwisha ukaja ukulima wa kugawana mavuno. Mkulima alikopeshwa mbegu, unga na nguo katika duka la mwenye shamba, kisha siku ya hesabu mwenye shamba ndiye aliyeshika kalamu. Familia ilitoka jasho mwaka mzima ikaishia na deni.

"Hiyo naijua," alisema Mzee. "Hata bendi yetu tulilipwa hivyo."

Baada ya saa moja na nusu hivi tukaingia Clarksdale. Sensa ya 2020 iliwakuta watu wasiofika 15,000, wengi wao weusi. Siku ya kawaida ukitembea katikati ya mji utasikia hatua zako mwenyewe: maduka yenye karatasi vioo vizima, maghala ya matofali, reli isiyo na abiria. Lakini kila Aprili, Jumamosi moja, hufanyika Tamasha la Juke Joint, lililoanza 2004, na mji hubadilika sura. Mchana huwa bure: majukwaa madogo zaidi ya kumi yanatandazwa mitaani, mbele ya duka, pembeni mwa benki ya zamani, kwenye uchochoro, kandokando ya jumba la makumbusho. Usiku ukiingia muziki unahamia ndani ya vilabu, na hapo unanunua utepe wa mkononi unaokufungulia milango yote.

Juke joint ndiyo nini? Wanaisimu wengi hulihusisha neno hilo la kwanza na Kigullah, lugha ya weusi wa visiwa na pwani ya Carolina na Georgia, lenye maana ya fujo na utundu. Mimi nikiulizwa na Mswahili husema ni kilabu. Dada alipotaka ufafanuzi nikamwambia ni mangwe, ila badala ya mnazi kuna bia na pombe ya magendo, na kona moja ameketi mtu na gitaa. Akanielewa mara moja, akakaza mtandio.

Waandaaji wenyewe wanakiri kwamba hili ni nusu tamasha, nusu gulio. Tulipokata kona ya kwanza tukakutana na watoto wakishangilia mashindano ya mbio. Wakimbiaji walikuwa nguruwe wadogo waliovishwa namba. Dada aligeuka pale pale kama aliyesahau kitu nyumbani, na ikabidi tuzunguke mtaa mzima ili tufike kwenye muziki.

Shabiki wa bluzi utamtambua kwa mizigo yake. Ana kiti cha kukunja mgongoni, kofia ya pindo pana, ratiba aliyoichora mistari kwa kalamu nyekundu, na hofu ya daima kwamba jukwaa alilolikosa ndilo lilikuwa bora. Walioketi mbele wengi walikuwa Wazungu wenye mvi kutoka Uholanzi, Uingereza, Ujerumani, na hasa Norway, kwa kuwa mji wa Notodden, wenye tamasha lake la bluzi tangu 1988, ni mji dada wa Clarksdale. Wanajua kila kitu. Mmoja wa Norway aliyeketi jirani yangu alinitajia mwaka na mahali iliporekodiwa kila santuri ya mpigaji fulani aliyekufa kabla ya baba yake kuzaliwa. Wenyeji weusi walikuwa nyuma yao, wamesimama, wanachoma nyama, wanauza maji, wanaitana kwa majina. Mpangilio huo ulinikera asubuhi. Kufikia jioni ulikuwa umevurugika, na aliyeuvuruga ni mmoja wetu.

Kwanza lakini niseme habari ya "ilitoka kwenu."

Mtu wa kwanza kutuambia hivyo alikuwa yule wa Norway. Aliposikia tunaongea Kiswahili akauliza tulikotoka, akasema kwa heshima kubwa, mkono kifuani, kwamba muziki huu ulitoka kwetu. Wa pili alikuwa mama aliyetuuzia chakula. Wa tatu alikuwa kijana mwenyeji aliyevaa fulana ya ramani ya Afrika. Kijana wa Lubumbashi alipokea pongezi zote tatu kwa kuinamisha kichwa kama mjumbe wa serikali. Mimi nikawa nasutwa. Wanaotafuta mizizi ya bluzi ng'ambo ya bahari hutazama Afrika Magharibi, Senegal na Gambia na Mali, kwenye ngoni na akonting, vinanda ambavyo ni ukoo mmoja na banjo. Marehemu Ali Farka Touré wa Niafunké, alipopiga pamoja na Ry Cooder katika albamu ya Talking Timbuktu ya 1994, aliwafanya watu wengi wasikie udugu huo bila kuhadithiwa. Lakini Niafunké na Morogoro ni ncha mbili za bara. Kupokea sifa hizi ni kama kupokea rambirambi za msiba wa jirani.

Nikawasimulia wenzangu, tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha jengo la matofali, habari ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka nchi nyingi za Afrika na mitambo yake akirekodi muziki, alifika Kapkatet, nchi ya Wakipsigis wa Kenya. Wasichana wakamwimbia wimbo wa mtu aitwaye Chemirocha. Nani huyo? Alikuwa Jimmie Rodgers, Mzungu wa Meridian, katika jimbo hili hili la Mississippi. Alifanya kazi ya reli, akaokota bluzi kwa weusi waliofanya kazi humo, akaichanganya na ile sauti ya kurusha koo ya watu wa milimani, akapata jina kubwa kabla kifua kikuu hakijamuua mwaka 1933. Santuri zake zilifika Kericho pamoja na magramafoni ya Wazungu. Wasichana hawakumwona, walimsikia tu. Na sauti ile ikawathibitishia kwamba hakuwa binadamu kamili. Wakamfanya nusu mtu, nusu paa, jina lake wakalikata kwa ulimi wao, wakamwimba kwa kinubi chao.

"Kwa hiyo," alisema Mzee polepole, "bluzi haikutoka kwetu. Ilitujia."

"Kwetu sisi wa mashariki, ndiyo."

"Sasa aibu iko wapi? Sisi tulijiita Jazz Band, Morogoro Jazz, Cuban Marimba, Western Jazz, na wala huyo Jazz tulikuwa hatumjui. Tulikuwa na sahani za GV za Wakuba na masikio yetu." Akavaa kofia. "Mtu akinipa sifa isiyo yangu, namshukuru, namnunulia soda. Wewe unataka kumpa somo la jiografia."

Kijana wa Lubumbashi akadakia kwa Kiswahili chao cha Katanga: "Papa, ata sisi tulikuwa na Mwenda." Kweli. Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Tracey huyo huyo kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alipiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada hivi kwamba wageni walidhani wapigaji ni wawili. Mwaka 1969 aliitwa huku Marekani, tamasha la Newport. Hakuiga bluzi. Kijana akatoa simu atupigie wimbo. Tukamzuia, maana jukwaani alikuwa anapanda mtu.

Alikuwa mzee wa miaka sabini na ushei, suruali ya bluu ya kazi, kiti cha plastiki, kipaza sauti kidogo chenye kutu, na mbele ya miguu yake ndoo ya plastiki ya kuwekea fedha. Hapakuwa na bendi. Kiatu chake cha kulia ndicho kilikuwa ngoma. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto alikivalisha shingo ya chupa iliyokatwa, akaiteleza juu ya nyuzi, na gitaa likatoa sauti ile isiyo noti kamili, iliyo katikati ya noti na noti, kama mtu anayetaka kusema neno akalimeza. W. C. Handy, aliyekuwa kiongozi wa bendi mjini Clarksdale kuanzia 1903, alisimulia kwamba alimkuta mtu akipiga hivyo kwa kisu usiku kwenye stesheni ya Tutwiler, si mbali na hapa, na kwamba ulikuwa muziki wa ajabu kuliko wowote aliowahi kuusikia. Handy alikuwa mwanamuziki wa noti za karatasi. Akazinduka, akaanza kuziandika nyimbo za namna hiyo, akatajirika. Yule wa kisu hatumjui jina.

Dada alisikiliza beti mbili, akaniinamia. "Mbona mstari mmoja auimba mara mbili? Amesahau wa mbele?"

Nikamweleza kwamba ndiyo kanuni yake. Mstari wa kwanza unatoka, unarudiwa, halafu wa tatu unakuja kufunga kwa kina kile kile. Baina ya mstari na mstari gitaa linajibu. Mizani kumi na mbili, kisha mwanzo tena.

"Basi ni shairi la mtu asiyekuwa na haraka," akasema.

Ubeti wa nne ukamfungua macho. Sitaurudia, maana gazeti hili husomwa na watoto. Itoshe kusema kwamba kwa masikio ya kawaida mzee yule alikuwa akilalamikia kifaa cha jikoni ambacho mkewe alikiazima kwa jirani. Wanawake weusi waliosimama nyuma wakacheka kicheko cha chini. Yule wa Norway alikuwa bado anatikisa kichwa kwa majonzi. Dada akashika mdomo. "Wallahi hii ni mipasho! Mliniambia ni muziki wa huzuni!"

Miaka kumi na zaidi nimesoma vitabu vya bluzi, na hakuna kilichonieleza jambo hilo kwa neno moja kama lile. Mafumbo ya kitandani yaliyovaa nguo za shambani na jikoni: ng'ombe, nyuki, ufunguo, mashine ya kusagia. Mkulima asiyeweza kumtaja mwenye shamba alimtaja jogoo. Anayetaka kusikia machozi atayasikia, yamo, lakini asiyesikia kicheko kilichokaa chini yake amesikia nusu. Mwaka 2005 Taj Mahal, mkongwe wa bluzi, alitoa albamu aliyoipiga na Culture Musical Club ya Zanzibar, wakaiita Mkutano. Wakati ule nilidhani ni vituko vya wazalishaji. Sasa nilikuwa na mtaalamu wa taarabu pembeni yangu, ananiambia kitu kile kile kwa kucheka.

Kisha akainuka.

Nilijua anachokwenda kufanya, nikatamani ardhi ipasuke. Alifungua mkoba, akatoa noti ya dola moja, akaishika kwa vidole viwili juu ya bega, akaanza kwenda jukwaani kwa mwendo ule wa ukumbini, hatua moja, kituo, hatua moja, mtandio ukimfuata. Waliokaa kwenye viti walimtazama kama mtu aliyepita mbele ya jukwaa wakati wa maombi. Alipofika hakuitazama ndoo. Akamzunguka mzee nusu duara, akaibandika ile noti kwenye paji la uso wake, na jasho likaishika.

Kiatu kilinyamaza kwa pigo moja. Pigo moja tu. Mzee akainua macho aone kitu gani kimemwangukia, akamwona Dada ananyonganyonga mbele yake bila haya, na sura yake ikafunguka. Badala ya kufunga wimbo, akarudi mwanzo wa mizani kumi na mbili na kuusukuma upya, kwa kasi zaidi, noti ikipepea juu ya jicho lake la kushoto. Mama mmoja aliyekuwa akiuza kinywaji akaacha meza, akaja na dola yake. Wa pili akaja. Wa tatu alikuja akicheza kinyumenyume. Wale wenye viti wakaona njia imefungwa na migongo ya wenyeji, wakasimama wao, na yule wa Norway nikamwona anaelekea mbele na noti ya dola tano, uso mwekundu, hajui aiweke wapi, mpaka Dada akamshika mkono na kumwonyesha.

"Sijui mwaogopa nini," alituambia aliporudi, anahema. "Mtu awaimbia vile nyinyi mwakaa kama mko kliniki."

Saa saba tukatafuta chakula. Delta ni nchi ya nyama ya nguruwe iliyochomwa taratibu. Kuna mkahawa karibu na njia panda, Abe's, unaoichoma tangu 1924. Tukauacha kwa ajili ya Dada. Kuna pia tamale: unga wa mahindi uliofichwa nyama ya viungo ndani, ukafungwa kwenye ganda la hindi na kuchemshwa. Mzee alifungua moja, akaionja, akatangaza kwamba ni ugali uliosafiri. Kwa Dada ilibaki samaki, na samaki wa Delta ni kambale, anayefugwa kwenye mabwawa na kukaangwa kwa unga wa mahindi. Mtu wa Mombasa kuletewa kambale! Aliitazama sahani kama mtu aliyetukanwa. "Wa topeni huyu. Hamna changu? Hamna hata tasi?" Akala wawili, akaagiza wa tatu wa njiani.

Tulikwenda hadi njia panda, kwa kuwa haiwezekani kuja Clarksdale usiende. Barabara za 61 na 49 zilipokutana pamesimama mlingoti wenye magitaa makubwa ya bluu, na chini yake foleni ya wapiga picha. Hadithi inasema kwamba Robert Johnson, aliyekufa 1938 akiwa na miaka 27, aliuza roho yake kwa shetani njia panda usiku wa manane ili ajue gitaa. Barabara zimehamishwa tangu wakati huo, hadithi yenyewe ilisimuliwa kwanza juu ya Johnson mwingine, Tommy, na Robert alijifunza kama wote wanavyojifunza, kwa kuwafuata wakubwa na kurudia mpaka vidole vikaota sugu. Lakini Mzee hakutaka kushuka garini. Kwao pia, alisema, njia panda ndipo watu huacha kafara, vyungu, kuku weusi. Mambo ya njia panda hayapigiwi picha. Kijana wa Lubumbashi alipiga picha kumi na nne.

Makumbusho ya bluzi yalianzishwa 1979 na maktaba ya mji, na tangu 1999 yako ndani ya ghala la mizigo la reli lililojengwa 1918. Ndani yake kuna mabaki ya kibanda cha magogo cha McKinley Morganfield, dereva wa trekta wa shamba la Stovall, anayejulikana kama Muddy Waters. Agosti 1941 walimfuata humo Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge na John Work wa Chuo cha Fisk, mwanazuoni mweusi ambaye wasimuliaji wengi humsahau, wakamrekodi. Alisimulia baadaye kwamba kujisikia kwenye sahani ndiko kulikompa moyo. Mwaka 1943 akapanda treni hapa hapa, akaenda Chicago, akachomeka gitaa kwenye umeme. Wenzake walikuwa wanaondoka vilevile: kati ya mwaka 1910 na 1970 hivi, weusi wapatao milioni sita walihama kutoka kusini. Mwaka 1944, shamba la Hopson, nje kidogo ya mji, lilionyesha zao la pamba lililopandwa na kuvunwa lote kwa mashine. Mikono haikuhitajika tena. Vibanda vya wakulima wa Hopson leo ni malazi ya wageni, na baadhi ya majirani zetu wa viti vya kukunja walikuwa wamelala humo usiku uliotangulia. Walituambia ni raha sana. Nina shaka na raha hiyo, ingawa nakubali kwamba bila wageni hao vibanda vingekuwa kuni.

Jambo lililonituliza ni watoto. Makumbusho yana darasa la muziki kwa vijana wa mji, na humo ndimo alimopita Christone Ingram, wanayemwita Kingfish, mzaliwa wa hapa wa 1999. Albamu yake iliyopata Grammy mwaka 2022 aliiita 662, namba ya mwanzo ya simu za sehemu hizi. Tangu filamu ya Sinners ya Ryan Coogler, iliyotoka 2025 na ambayo kisa chake kimewekwa Clarksdale ya 1932, jina la mji limezagaa duniani. Cha kuchekesha ni kwamba mji wenyewe hauna jumba la sinema, ikabidi wenyeji waombe waletewe filamu waione.

Kwenye vibanda vya mafundi Mzee alitupotea. Tulimkuta amechuchumaa kwa fundi wa magitaa ya maboksi ya sigara: boksi la mbao, mpini wa ufito, nyuzi tatu. Fundi alikuwa akimweleza kwamba wakongwe wengi walianza na waya mmoja wa fagio uliopigiliwa ukutani, chupa ikiwa daraja. Mzee, kwa Kiingereza chake cha pole, akamweleza galoni la mafuta na waya wa breki ya baiskeli. Hawakusikilizana maneno yote, lakini kila mmoja alikuwa akipapasa hewani kuonyesha mahali uzi unapofungwa. Bei ilipatikana baada ya robo saa, na nadhani ndiyo biashara pekee ya kupatana bei iliyofanyika Clarksdale siku hiyo.

Usiku nitausema kwa ufupi, kwa kuwa vilabu vilijaa na mengi niliyoyaona ni migongo. Ground Zero, ambacho Morgan Freeman ni mmoja wa wenyewe, kina kuta zilizoandikwa majina ya wageni mpaka darini. Tulitafuta nafasi tuandike la kwetu, tukakosa. Red's, kandokando ya mto Sunflower, ni kinyume chake: dari la chini, taa nyekundu, viti vichache. Mwenyewe, Red Paden, alifariki mwishoni mwa 2023, na watu bado wanamtaja kana kwamba ametoka kununua barafu. Humo bendi haikuwa ikibadili kodi za gitaa. Ilikaa kwenye ile ile moja dakika kumi, ikiizungusha, besi na drams zikisukuma kama sebene isiyotaka kukata. Mzee alisimama ukutani macho yamefumbwa, mkono wa kushoto ukitafuta kitu hewani. Aliniita. "Huyu wa ridhimu," akaninong'oneza, "ndiye anayeendesha kila kitu, na hakuna anayemtazama." Nikamtazama aliyemwonyesha, kijana mwembamba nyuma ya kipaza sauti, na sikuacha kumtazama mpaka wimbo ukaisha.

Tulipokuwa tunatoka, mtu alimgusa Dada bega. Alikuwa yule mzee wa asubuhi, amevaa koti sasa, gitaa mgongoni. Alitaka kujua kile kitendo kinaitwaje. "Kutunza," akamwambia. Akajaribu mara tatu, ya tatu ikakaribia. Akasema tangu asubuhi ile amepiga mara mbili zaidi, na mara zote mbili wanawake walikuja na dola za paji la uso. Ndoo imebaki tupu na mfuko umejaa. Akauliza kama kwetu hufanywa hivyo kila mara. Dada akasema kila mara, mpigaji akiwa anastahili.

Njiani kurudi tulikuwa na giza tupu na vyura wa mashambani. Mzee hakulala. Alikuwa amelaza gitaa la boksi mapajani, anatafuta wimbo wa Mbaraka Mwinshehe kwenye nyuzi tatu ambazo hazikufungwa kwa ajili hiyo, na kila alipokaribia zilimponyoka. Mwisho akaomba kitu cha kutelezesha, chupa, chochote. Dada akachakura mkoba, akampa kichupa chake cha marashi.

"Mzee, taratibu. Yatoka Mombasa hayo."

"Nakishika kama yai, mwanangu."

Kilifunguka karibu na Tunica. Mzee aliendelea kupiga, vidole vimelowa, na gari zima likanuka mawaridi hadi Memphis.